Askari ya Mwili

Kwenye mtumbwi wa mota wa kwenda Lubunga, ng'ambo ya mto, kijana mwenye koti jeupe la wanafunzi wa udaktari alikuwa akimfundisha jirani yake, mama muuza maharagwe, jambo ambalo hakuulizwa. "Kule Bulaya wanajaribu dawa mupya ya sepsis, mama, ile microbe ikienea mu damu. Kuna mugonjwa askari ya mwili yake inapanda wazimu, inapiga mpaka mwenye nyumba. Mwingine, yake inalala. Donc, wanapima damu kwanza, halafu kila mutu anapewa dawa yenye kumufaa."

Mama alicheka mpaka mtumbwi ukayumba. "Kwanza! Hapa ukifika hospitali na homa wanakuambia: kwanza leta gants za mikono, kwanza leta seringue ya sindano. Askari yangu italala, itaamuka, itaota mvi, munganga hajanigusa!"

Sisi abiria tulicheka wote, hata nahodha. Kijana aliinamisha macho, yakaangukia kapu la mama: majani mabichi na poire mpya, ule mpira wa kupigia lavement, kusukuma maji ya dawa tumboni kwa nyuma. "Hii ni ya nani?" "Ya mukamwana yangu, muke ya mutoto wangu. Alizaa juzi, mwili iko moto." "Anapumua mbio? Anasema mambo ya kuchanganya?" "Tangu asubuhi." "Mama, sepsis ni hiyo! Mupeleke hospitali sasa!" "Kwanza nimusafishe tumbo," alijibu, tena kwa dharau.

Mtumbwi uligusa ufuko. Mama alikanyaga tope, akapanda mteremko bila kugeuka. Daktari wetu alikuwa bado mtumbwini, anavua soksi.