Daraja Lililowashinda Kipara na Waya

Mchana ule wateja walikuwa adimu, lakini benchi la nje ya saluni ya Kipara lilikuwa limejaa. Kipara ni kinyozi, na kichwa chake mwenyewe hakina unywele hata mmoja, ila hilo halijawahi kumzuia kumshauri mtu. Rafiki yake wa utotoni, Fundi Waya, alikuwa ameifufua mashine yao ya zamani ya gemu na kuiunganisha na televisheni ya saluni, wakaigeuza itazame nje. Kesho binti wa Kipara angesafiri kwenda chuo, na mwezi mzima baba mtu alikuwa akimwahidi gemu bora kuliko zote duniani. Alitaka waicheze pamoja kabla hajaondoka, basi. Kasheshe ni kwamba yule mtu wa kwenye gemu kila akifika daraja la kwanza, anatumbukia mtoni.

— Chubwi! — alisema Mama Kahawa, akiwamiminia kahawa. — Ndiyo gemu bora hilo?

— Pedi ya kuchezea imezeeka, — Kipara alijitetea.

— Imezeeka wapi? Lete huku! — Waya akaipokonya, akabonyeza kwa mbwembwe. Chubwi. — Aa, ni hizi televisheni bapa! Ile ya zamani ilikuwa na mgongo. Jamaa alikuwa na nafasi ya kurudi nyuma akajipanga.

— Na umeme je? — akadakia Kipara. — Umeme wa zamani ulikuwa mzito bwana. Huu wa siku hizi mwepesi, haumbebi mtu.

— Semeni mto umejaa, — alisema Mama Kahawa. — Miaka yote hiyo mvua inanyesha, mlitegemea nini?

Wakaangua kicheko, Kipara naye, ingawa moyoni alikuwa anaungua. Binti yake alikuwa amekwisha kukata kona, anakuja.

— Shikamooni!

— Marahaba, mwanangu! — waliitika wote.

Binti akasimama kuwatazama, visikizi masikioni. Baba akacheza, akazama. Waya akacheza, akazama.

— Baba, mbona wewe unajua kuruka tu, na baba mdogo anajua kukimbia tu?

Waya akajipiga paja.

— Yallah! Pedi ilikuwa moja! Si tulikuwa tunaishika wawili?

— Wewe kushoto, mimi kulia! — Kipara alipiga kelele. — Hakuna aliyekubali kungoja zamu!

Wakabanana bega kwa bega, tumbo la Waya likileta upinzani.

— Kimbia!

— Ruka! Ruka, mzee!

— Sasa!

Wakavuka. Mama Kahawa alirusha kikombe, kahawa iliyobaki ikamwagika chini, na hakuna aliyejali.

— Kumbe tamu! — Binti akavua visikizi. — Sasa mbele ya daraja kuna nini?

Kipara akamtazama Waya. Waya akatazama ndani ya kikombe chake kitupu. Enzi zile walikuwa wakivuka tu, mama wa mmoja wao anaita, na mashine inazimwa.

— Na lile jumba la dhahabu, baba, ulilonisimulia mwezi mzima?

Kipara akapapasa upara wake.

Binti alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akajipenyeza katikati ya wazee wale, akashika pedi upande wa kushoto.

— Baba mdogo, sogea kidogo. Haya, baba. Mimi nakimbia, wewe ruka.