Mita Mbili za Kinyozi

Basini, mama aliyepakata godoro lililolowa alimgeukia jirani yake wa kiti, afisa wa maafa aliyevaa koti la kazi. "Kumbe ni wewe uliyetangaza redioni mto utapanda mita mbili! Mita mbili ndiyo nini, baba? Tuliendelea kufua."

"Lakini mlihama, mama."

"Fundi cherehani alikupigia hukohuko redioni akauliza, dirisha la kinyozi pale darajani je? Ukasema litazama. Hapo hata mama mkwe alikimbia, na miguu ileile anayodai imekufa!"

"Basi ofisi imewaokoa."

"Kinyozi ndiye!"

Ubishi ulikuwa mtamu, wa watu wasio na msiba. Basi liliposimama, afisa alitoa daftari. "Na mita tatu?"

"Paa lake. Andika hivyohivyo."