Mzee Fungua na Kifungu cha Dawa Zinazorudi

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliotoka ofisini kwake, familia imemtuma mdogo wa marehemu awasomee maisha ya kaka yake kama yalivyokuwa, bila kutia chumvi wala kupunguza, maana mwenyewe hakupenda kufichiwa jambo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1961, mtoto wa tatu kati ya watano wa baba fundi cherehani na mama mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, sekondari hadi 1979, kisha chuo cha famasi alikohitimu 1983, akaajiriwa dirisha la dawa la hospitali ya wilaya, ambako wagonjwa walimlalamikia kwamba anachelewesha foleni kwa kusoma kila lebo mara mbili. Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, shemeji yetu huyu, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, ambao hawakuwahi kumeza hata kidonge cha maumivu ya kichwa kabla baba yao hajakigeuzageuza mbele ya taa.

Mwaka 1996 serikali ilimhamishia ukaguzi wa dawa, na tarehe 2 Juni 2014 akatumwa kukagua mashine ya kwanza ya kutolea dawa wodini, kabati la droo sitini ambalo muuguzi akibonyeza jina la mgonjwa, droo moja tu hufunguka. Aliijaribu mara mia, ikatoa sawasawa mara mia, fomu ya serikali haikuuliza zaidi ya hapo, akatia saini. Fomu iliuliza dawa zinavyotoka, haikuuliza zinavyorudi, na wauguzi waliozidiwa na kazi walikuwa na mazoea ya kurudisha dawa iliyobaki kwenye droo yoyote waliyoikuta wazi, hata tarehe 17 Novemba mwaka huohuo vichupa vya potasiamu, dawa inayosimamisha moyo ikidungwa bila kuzimuliwa, vikarudishwa kwenye droo ya maji ya kuchanganyia dawa, vichupa vinavyofanana kama mapacha, na mama mmoja aliyekwisha kufungasha nguo zake aende nyumbani akachomwa sindano iliyochanganywa kwa potasiamu badala ya maji, akafariki.

Wakubwa walimwambia, wewe fomu uliijaza vizuri, nyamaza, yatapita. Hakunyamaza. Alikwenda kwa wafiwa mchana kweupe, akawaambia, saini ile ni yangu, nilikagua dawa zinakotokea nikasahau zinakorudia. Binti wa yule mama akamfungia mlango, naye akakaa kibarazani mpaka akafunguliwa.

Ofisi ilimpeleka stoo miaka miwili, na aliporudi hakupitisha mashine yoyote bila kufungua droo zote kwa mkono wake, hata wauguzi wakimwona getini wakawa wanaambiana, jamani, Mzee Fungua huyo, leo chai tusahau. Aliandika rasimu ya kanuni, ndani yake kifungu kimoja alichokipigania kuliko vyote, kwamba dawa inayorudi iingie kwenye sanduku lenye kufuli, ufunguo akae nao mfamasia. Kanuni ilitoka tarehe 1 Julai 2020, kifungu hicho kimeondolewa, eti kinahitaji mashauriano zaidi, na familia mpaka leo haijui mashauriano hayo yanafanyikia chumba gani.

Maradhi ya figo yalimwanza Machi 2022, akalazwa tarehe 11 Januari 2025 kwenye wodi yenye mashine aliyoipitisha mwenyewe, na kila sindano aliomba asomewe kichupa kwanza. Muuguzi akamtania, babu, huniamini, naye akajibu, wewe nakuamini mwanangu, droo ndiyo siiamini. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Februari, saa nne asubuhi, baada ya kumuuliza mkewe kama wizara imejibu barua yake ya kuomba kifungu kile kirudishwe. Haikuwa imejibu.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi waliomsomea vichupa bila kununa, majirani waliopokezana kumpeleka kusafishwa damu, wafanyakazi wenzake, na yule binti aliyefunga mlango, ambaye leo amekaa na watoto wa marehemu. Wakubwa wa ofisi, shada lenu tumelipokea, asanteni; rasimu yake, kwa mwandiko wake, iko mezani kando ya kitabu cha rambirambi, na kalamu iko juu yake.

Kaka, pumzika kwa amani uliyonyimwa na kifungu kile; habari ya sanduku na ufunguo, tuachie sisi.