Simu Iliyomfichua Mwenzetu

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu,

KARIBU
Tumezima mashine zote za kufulia ili usije ukasema hukusikia.

SISI NI NANI
Tuko arobaini na mmoja. Tunafua na kupiga pasi mashuka ya hospitali. Mwaka mzima hakuna shuka lililochelewa, na hilo tunajivunia. Mwaka huohuo uliagiza tuweke programu ya mahudhurio kwenye simu zetu, ionyeshe nani amefika kazini. Hukutuambia kwamba tukishatoka getini inatufuata sokoni, zahanati, hadi tunapolala.

YALIYOTUKUTA
Mwenzetu wa meza ya pasi, tunayemwita Kicheko, alimkimbia mume aliyekuwa akimpiga. Alihamia kwa dada yake bila kumwambia mtu, hata sisi. Jumanne mume alikuja getini, mpole kama maji ya mtungini. Msimamizi wa zamu akafungua kompyuta, akamwonyesha kwenye ramani simu ya mkewe inakolala. Jioni ile mume alikuwa mlangoni kwa shemeji yake. Kicheko amevunjwa mkono mahali pawili. Ni mkono wa pasi.

Tulimuuliza msimamizi. Akajibu, "Nilidhani napatanisha. Mume ni mume."

Tulikuja ofisini kwako. Karani wako akatuambia, "Bosi anasema hayo ni mambo ya ndani ya nyumba."

Sawa, ya ndani. Aliyemwonyesha mume mlango wa nyumba hiyo ni nani, kama si kampuni yako?

Lakini linalotuchoma zaidi ni hili. Tulipokwenda wodini, Kicheko alitugeuzia uso ukutani. "Nani kati yenu alinifuatilia akamwambia?" Tukamweleza habari za ramani. Akasema, "Ramani? Kwani mimi lori la kufuatiliwa?" Miaka tisa tumekunja naye mashuka, yeye ncha hii, sisi ncha ile. Leo anatuona wasaliti.

MAOMBI
Programu ifutwe kwenye simu zetu leo, kabla hujapanda gari. Hatuwashi mashine mpaka ifutwe. Msimamizi asiguse tena kompyuta yenye habari zetu.

La mwisho hatuliombi, tunakudai. Nenda wodini, uketi kando ya kitanda chake, umwambie kwa kinywa chako kwamba aliyemtaja si sisi.

Mungu amponye mwenzetu, na wewe akutie haya ya kukufikisha pale wodini.

Ni sisi,
Wafuaji na Wapiga Pasi, zamu zote.