Clifford Tunnicliffe, Aliyebaki na Jina la Saggar

Kaka yangu Clifford Tunnicliffe alizaliwa hapa mjini kwetu Burslem tarehe 9 Machi 1947, mtoto wa kwanza wa Harold na Edna, wote wafanyakazi wa kiwanda cha vyombo vya udongo. Alisoma shule ya mtaani kwetu hadi umri wa miaka kumi na mitano. Walimu walimsifu kwa jambo moja tu: hakukosa kufika.

Mwaka 1965, katika ukumbi wa kanisa la Methodisti, yeye na wenzake watatu walianzisha bendi ya roki. Wakaiita Saggar, jina la chungu kinachokinga sahani zisiungue tanuruni. Cliff alishika gitaa la besi kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitaka. Wakala kiapo kwamba jina ni la waanzilishi peke yao, na atakayebaki hai mwisho ndiye mwenye kauli.

Alimuoa Doreen mwaka 1971. Fungate walikwenda na gari la bendi, spika katikati yao. Doreen hajasahau, wala hajatuacha tusahau.

Mwaka 1974 mwimbaji wao na mwanzilishi mwenzake, Royston Bagnall, aliondoka kwa hasira. "Hilo jina likinifikia mimi," alisema, "nalizika." Wengine wakafuata: huyu kaoa, yule kaokoka, mwingine alishuka garini katika mji wa Doncaster kununua chipsi, hakurudi. Kila mgeni alipoingia, Cliff alimpeleka kwanza kula chapati za shayiri na jibini, akamwambia, "Usimwige aliyetoka. Piga kama wewe, mimi nipo." Ndivyo alivyompokea Gemma Colclough, mpiga ngoma, mwaka 1984, na Gemma yupo mpaka leo.

Ugonjwa wa mapafu ulimpata mwaka 2021. Waanzilishi wawili walikwishatangulia. Kifo hakikumtisha, alihofia Gemma na wenzake kunyang'anywa jina. Mwezi uliopita alinituma nimwite Royston. Walikuwa hawajasemezana tangu siku ile alipoondoka kwenye bendi.

"Umenenepa," Cliff akamwambia.

"Na wewe umekonda. Ndiyo umeniitia?"

"Waachie watoto jina, Roy."

"Watoto gani? Mpiga ngoma wako ana wajukuu."

Cliff alicheka mpaka muuguzi akaja. Royston akaondoka bila kujibu. Liliniuma sana, na nalisema hapa mazishini, naye ameketi pale mstari wa pili.

Clifford alifariki nyumbani tarehe 3 Novemba 2023, Doreen kamshika mkono. Ameacha mke, binti yake Hazel, wajukuu wawili, mimi dada yake Beryl, na bendi.

Yanayofuata hayamo katika kijitabu mlichoshika. Asubuhi ya leo, hapo mlangoni, Royston alimsogelea Gemma. "Jumamosi mkipiga, nitaimba nanyi wimbo mmoja," akamwambia. "Nikishuka jukwaani, Saggar ni yenu."

Basi Cliff, kaka yangu, huna tena la kukukosesha usingizi. Lala.