Mafungu Mawili ya Mwalimu Sihaba

Mwalimu Sihaba Mwinyimvua anastaafu tarehe 30 Juni 2024, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Kemia katika shule yetu hapa Bagamoyo. Katika muda huo amevunja chupa mbili tu za maabara, na zote mbili aliziandikia taarifa.

Kila mwaka somo lake la ioni lilianzia miaka ya 1880, wazo hilo lilipokuwa bado changa huko Ulaya, na wakazi wa pwani hii wakichemsha maji ya bahari wapate chumvi, ambayo nayo ni ioni. Chumvi haikungoja nadharia, alizoea kusema.

Hata hivyo, kosa lake moja ndilo lililotufaa zaidi. Mwaka 2003, katika mtihani wa kuchagua wanafunzi wa mchepuo wa sayansi, aliuliza fomula ya kalsiamu nitreti, Ca(NO₃)₂, ina ioni ngapi. Kwenye mwongozo wa kusahihishia akanakili jibu la swali lililotangulia, la atomi: tisa. Tabia Mbaruku wa Miono, aliyeandika tatu, akaukosa mchepuo kwa alama moja.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu alikuwa sokoni, akihesabu dagaa mmoja mmoja. Bimdogo, muuzaji, akamkatiza: "Mwalimu we, utahesabu mpaka waoze? Mafungu mawili hayo, basi!"

Mwalimu akaukumbuka mwongozo wake. Nitreti nayo ni fungu: nitrojeni moja na oksijeni tatu, lakini ioni ni moja. Mafungu mawili na kalsiamu moja ni tatu. Aliwaacha dagaa mezani, akarudi shuleni, akazisahihisha upya karatasi zote. Jumapili alipanda basi hadi Miono, akamwambia Mzee Mbaruku mbele ya bintiye: "Aliyekosea ni mimi. Mtoto alipata."

"Basi mrudishe mwenyewe, Mwalimu," akajibu mzee.

Jumatatu Tabia aliketi katika darasa la sayansi.

Tangu hapo ioni hufundishwa kwa sahani na dagaa. Ufaulu umepanda; paka wa maabara nao wameongezeka.

Funguo za maabara anamkabidhi Mwalimu Tabia Mbaruku, ambaye, kwa ombi la Mwalimu Sihaba mwenyewe, ameukagua mwongozo wake wa mwisho mstari kwa mstari. Hakuona kosa.

Mwalimu Sihaba, tunakushukuru. Mungu akujaalie afya na umri mrefu. Bimdogo ametuagiza tukwambie: mafungu yako mawili yanakungoja.