Kadi ya Gisubizo

Kahawa ya Mama Claudette ilikuwa ingali na moshi, na Noël ameshaloa jasho, na asubuhi yenyewe ya Nyabiondo ni ya baridi! Pale kwenye benchi ya Claudette, wanywaji wa kahawa walimupa jina Turbo, kwa sababu kila wiki anashuka Goma na pikipiki na kurudi. Safari hii alirudi na kadi mbili za mpira, picha ya mchezaji juu, sinyatire, ile saini yake, chini. Studio ya picha ya Goma inauza kadi tupu bei ya mkate. Yenye sinyatire, weee, uza mbuzi kwanza. Basi benchi ikapata akili: nunua tupu, mupe Turbo, angojee wachezaji wa ile timu ya mbali iliyokuja kucheza Goma kwenye mlango wa uwanja, wamuwekee sinyatire bure. Turbo alingojea siku mbili, mlinzi akamufukuza kama kuku jikoni. Kurudi mikono mitupu aliona haya. Alipofika Sake, njiani, akasimamisha pikipiki, akatoa biki, akaziandika mwenyewe. Na sasa Papa Hilaire alikuwa amezilaza zote mbili juu ya goti lake.

— Eh Yezu! Papa Hilaire akashituka. Wanamwita VAR, maana kila ubishi yeye njo anaukata. — Golikipa na mushambuliaji, sinyatire moja! Muone hii mukia!

— Lete! Kanyamibwa akamunyang'anya. Huyu wanamwita Docteur, maana ni yeye aliyekimbia masomo ya uuguzi mwaka wa kwanza. — Mama yangu! Njo ileile! Kidole moja haivunje chawa, bwana!

— Chawa inaingiaka wapi hapa? Claudette akauliza, birika mkononi.

— Inaingia, Docteur akajibu. Hawa wachezaji walisoma kwa mwalimu moja. Fimbo ya mwalimu njo inafundishaka mukono.

— Moja alisomea kule Kibua, mwingine hapa! Claudette akakataa.

— Basi ni barabara. Waliandikia ndani ya gari. Shimo moja, mutikisiko moja.

VAR akatikisa kichwa.

— Hapana. Kocha aliwapeleka kwa mufumu, yule muganga wa dawa za usiku, akawafunga mukono moja batu mbili. Njo maana pasi zao hazipoteaka!

— Ati nini? Claudette akaweka birika chini. — Na siku moja wao akivunjika mukono?

— Wote wawili hospitali! Docteur akapiga kelele. — Haba na haba hujaza kibaba!

Noël akacheka kicheko kikavu. Nyabiondo yote inamupa pesa za dawa, barua, hata simu za kutengeneza, apeleke Goma. Wakijua ya Sake, nani atamupa tena kitu?

— Turbo, weye ulikuwa pale. Sema! VAR akamugeukia.

— Walikuwa na haraka, akajibu, akainamia kikombe.

Hapo Mama Généreuse akatokea njia ya mashamba, kitunga ya maharagwe mgongoni. Wote wakasogea kumupa nafasi. Gisubizo, yule golikipa wa kadi, ni mutoto wake wa kuzaa; vita iliwatawanya, na miaka mine sasa mama hajamuona wala kusikia sauti yake.

— Wanasema hapa kuko mukono ya mutoto wangu.

VAR akamupa kadi, pole pole. Mama akapangusa vidole kwenye kitenge, akagusa yale maandishi kama anayepapasa utosi wa kichanga.

— Njo yeye, akasema, machozi yakishuka. — Njo vile alikuwa anaandikaka.

Alitamani ardhi ipasuke immeze.

— Turbo, mutoto wangu, ile saa alikuandikia, alikuwa namna gani? Iko muzima? Anakulaka vizuri?

VAR akamugonga Noël kiwiko.

— Sema basi, kaka. Mama anangojea.

— Iko muzima, Mama, anakulaka vizuri, Noël akasema, biki ya Sake ingali mfukoni mwake. Mama Généreuse hakuondoa macho kwenye mdomo wa Noël.